Ridhaa

Mwanachuo anayetaka kuzungumza, kwa ajili ya utafiti, na watoto wa darasa la awali huko Gitting, wilayani Hanang, huanza na kibali cha chuo, kisha barua ya halmashauri. Mzazi naye hutia saini kwenye fomu, nayo huiita saini hiyo ridhaa.

Neno hili ni ndugu wa radhi na kuridhika. Ndani yake mna moyo uliotulia. Kibali hutoka ofisini. Ridhaa, je? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inampa hata mtoto haki ya kutoa maoni. Wa miaka mitano akishika kanga ya mama yake na kutazama chini, mimi nasema hajaridhia, hata karatasi zikijaa mihuri. Aulizwe tena siku nyingine, kwa Kiiraqw au Kidatooga, ikiwa ndiyo lugha ya kwao.