Tairi Kubwa, Injini Ndogo: Historia Fupi ya Kubadilisha Magurudumu ya Gari la Zamani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Nilikuwa chini ya gari. Leo basi tuache kidogo mambo ya tarakilishi tuzungumzie matairi, ingawa mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba sijaenda mbali sana na yale tuliyoyazoea hapa.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1965, injini ya 1200, nguvu farasi 34. Babu alilinunua likiwa limeshatumika, akalitunza miaka na miaka, na mwaka jana akanikabidhi ufunguo. Hakunipa masharti ila moja: mara moja moja nimpeleke Naivasha akamwone dada yake.

Nami, kijana wa digrii ya sayansi ya tarakilishi, nikaona gari linahitaji kuboreshwa. Matairi yake ni membamba kama ya baiskeli, nikasema. Nikaagiza rimu mbili za nyuma zenye upana wa inchi 6, nikatia matairi ya 215/75 R15 mahali pa yale ya 165/80 R15. Nikazungusha magurudumu kwa mkono, hayakugusa popote. Nikapiga picha, nikafurahi.

Mwezi wa nne tukatoka Naivasha kupitia Mai Mahiu, babu kando yangu, magunia mawili ya viazi kiti cha nyuma. Kwenye ule mlima wa kupanda kuelekea Rironi, gari likaanza kukataa. Gea ya tatu haikuweza kabisa, ya pili ikalia kwa uchungu, na malori yakatupita. Kisha tukaingia shimo moja, nikasikia "krrrr" upande wa nyuma. Shimo la pili, tena. Nilipoteremka nikakuta ukingo wa madigadi umekwangua ubavu wa tairi hadi nyuzi zinaonekana. Tairi lile lingepasuka kwenye kona za mlima ule, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili bonde lote la Ufa, nisingekuwa naandika haya. Babu alitazama tairi, akatazama bonde, akaniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, lile la zamani lilikukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani kutafuta, na nilichopata ni historia tamu kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. 165/80 R15. Kwa macho ya mtayarishaji programu, hiki ni kichekesho. 165 ni upana kwa milimita. 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ukilinganisha na upana. 15 ni kipenyo cha rimu, na hicho kiko kwa inchi! Vipimo vya aina tatu kwenye mstari mmoja. Mfanyakazi mwenzangu akiniletea jedwali la namna hiyo nitamrudishia. Lakini kila kipande kina sababu yake, kama zilivyo programu zote za zamani ambazo watu wanaogopa kuzigusa.

Inchi ndizo zilizotangulia. Beetle za miaka ya mwanzo zilivaa tairi la 5.00-16, na mwishoni mwa 1952 kiwanda kikahamia 5.60-15. Yaani upana wa inchi 5.60 juu ya rimu ya inchi 15. Hapakuwa na namba ya asilimia kwa sababu haikuhitajika: matairi ya wakati ule yalikuwa na kimo kinachokaribiana na upana wake. Ukijua upana, kimo umeshakijua.

Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ikachukua hataza ya tairi la radiali. Kabla ya hapo, nyuzi za ndani ya tairi zilipishana mshazari kama mkeka. Katika radiali nyuzi zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na juu yake kuna mkanda wa chuma chini ya uso unaokanyaga barabara. Ubavu ukawa laini, uso ukawa imara, na tairi likadumu zaidi. Ile herufi R kwenye tairi lako ni ya radiali.

Wafaransa wakitaka pia kuondoa inchi. Citroën DS ya mwaka 1955 ilitoka na matairi ya 165-400 mbele, namba zote mbili zikiwa milimita. Mwaka 1975 Michelin wakajaribu tena na mfumo wa TRX, rimu za milimita 365, 390 na nyinginezo. Hata baadhi ya Peugeot 505, gari tunalolijua sana hapa Kenya, zilivaa rimu za 390. Kiufundi mfumo ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba tairi la kawaida halikuingia kwenye rimu ya TRX, wala tairi la TRX halikuingia kwenye rimu ya kawaida. Dunia ilikuwa imejaa rimu za inchi, zikashinda. Leo mwenye gari lililobaki na rimu za TRX hununua matairi yanayotengenezwa kwa ajili ya magari ya kale, na bei yake si ya mzaha. Mnaona mambo haya yanafanana na yapi!

Sasa ile asilimia ya katikati. Radiali za kwanza zilikuwa karibu 80, kwa hiyo bado haikuandikwa. Katikati ya miaka ya 1970 Pirelli wakaleta P7, tairi lililozaliwa kwa ajili ya gari la mbio la Lancia Stratos kisha likavishwa Porsche 911 Turbo. Ubavu wake ulikuwa nusu tu ya upana. Kwa matairi yenye ubavu mfupi kimo hakikuweza tena kukisiwa, ikabidi kiandikwe.

Na hapa ndipo mlango wa kuongeza rimu ulipofunguka. Ukiongeza rimu na kupunguza ubavu kwa kiasi kilekile, tairi zima linabaki na kipenyo chake. Mfano mzuri ni Mini. Ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na rimu za inchi 10, ndogo kiasi cha kuchekesha. Mwaka 1984 kiwanda kikapeleka Mini zote kwenye inchi 12, ili breki kubwa zaidi za diski zipate nafasi. Katika miaka ya 1990 baadhi zikafika 13. Fanyeni hesabu pamoja nami. Tairi la 145/80 R10 lina kipenyo cha milimita 486. La 145/70 R12 lina 508. La 175/50 R13 lina 505. Rimu imeongezeka inchi tatu, yaani milimita 76, lakini gurudumu zima limekua milimita 19 tu. Mwenye kutazama kwa nje anasema Mini imevaa viatu vikubwa. Giaboksi haijatambua sana kilichotokea.

Mimi nilifanya kinyume. Sikugusa rimu ya inchi 15; nilikuza tairi lenyewe. Tairi la 165/80 R15 lina kipenyo cha milimita 645, langu jipya lilikuwa na 703.5. Ni ongezeko la asilimia 9. Kwa kila mzunguko wa gurudumu gari linasogea mbali zaidi, ambalo ni jambo jema kwenye tambarare. Lakini nguvu ya kusukuma ardhi inapungua kwa karibu asilimia 8, na nguvu ya breki za nyuma kwa kukanyaga kulekule inapungua vilevile. Kwa injini ya farasi 34 yenye babu na viazi, asilimia 8 ndiyo tofauti kati ya kupanda na kuomba. Na kimo nilichopata chini ya gari? Si milimita 58. Ni nusu yake, 29, kwa sababu nusu ya pili inakwenda juu, kwenye madigadi. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Zaidi ya hayo spidomita ilinidanganya kwa kusema kweli. Katika Beetle, kebo ya spidomita inazungushwa na gurudumu moja la mbele peke yake. Nami sikugusa ya mbele. Kwa hiyo spidi ilisoma sawasawa, nikaamini kila kitu kiko sawa. Kipimo kilikuwa mbele, hitilafu ilikuwa nyuma.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuikuza Beetle kwa mafanikio. Wapo wengi, na nilipowachunguza nikaona jambo moja linajirudia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda kilitengeneza Kübelwagen, gari la jeshi lenye asili ileile ya Beetle. Lilihitaji kwenda juu zaidi ya ardhi na kuvuta zaidi. Wahandisi hawakuishia kwenye matairi. Walitia gea ndogo ndani ya habu za nyuma. Gea hizo zilipunguza mzunguko wa gurudumu ili nguvu iongezeke, na wakati huohuo zikainua ekseli juu ya kitovu cha gurudumu. Mpango huohuo ulikuwa ndani ya Kombi hadi mwaka 1967.

Kule California, Bruce Meyers alitengeneza Meyers Manx katika miaka ya 1960: kiunzi cha Beetle kilichofupishwa, bodi nyepesi ya faibaglasi, na matairi mapana ya nyuma yaliyo wazi kabisa. Mwaka 1967 Manx ilishinda mbio za kwanza za Mexican 1000 katika rasi ya Baja California, kwa muda usiofika saa 28. Matairi yalikuwa makubwa, ndiyo, lakini Meyers alikuwa ameshaondoa uzito uliolemea injini na madigadi yaliyobana magurudumu.

Basi katika kila kisa, aliyekuza gurudumu alibadilisha na kitu kingine: ubavu, au gea, au bodi. Mimi nilibadilisha namba moja nikaacha mfumo mzima ulivyo.

Na kuna historia iliyonichoma zaidi, kwa sababu ni ya hapa kwetu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle ilishinda mwaka 1954 mikononi mwa Vic Preston na D.P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Magari ya miaka ile ya mwanzo yalikuwa karibu sana na yale yaliyouzwa dukani. Matope yalikuwa ya kwetu, yale yale. Na tairi jembamba kwenye matope lina faida yake: linakata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini, wakati tairi pana linaweza kuelea na kuteleza. Injini ya Beetle iko nyuma, uzito wake umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Kumbe yale matairi niliyoyaita ya baiskeli yalikuwa yameshatoa jibu miaka mingi kabla sijazaliwa.

Nilipomweleza babu haya, alicheka. Akaniambia mwaka ule wa 1962 alikuwa kijana wa miaka 20, alisimama kando ya barabara kwenye mvua kuona magari yakipita. "Ile Volkswagen ilikuja imejaa matope hadi kwenye kioo," akasema, "lakini ilikuja." Ndiyo maana alipopata pesa hakutafuta gari lingine. Miaka yote sikuwahi kumuuliza kwa nini alinunua Beetle.

Kosa langu kubwa, nikilitazama kwa jicho la kazi yangu, si hesabu. Hesabu ningeweza kuifanya kwa dakika tano. Kosa ni kwamba nilijaribu gari likiwa tupu. Magurudumu yalizunguka bila kugusa kwa sababu springi hazikuwa na mzigo. Ni sawa na kujaribu programu kwenye hifadhidata yenye safu tatu, kisha kuipeleka kwa mteja mwenye safu milioni. Nimewakaripia wanafunzi wa mafunzo kazini kwa kosa hilohilo.

Kama unafikiria kubadilisha magurudumu ya gari lako la zamani, fanya hivi. Kwanza kokotoa kipenyo: zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha jumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Linganisha na la zamani. Tofauti ikizidi asilimia mbili au tatu, jiulize gea na breki zitasemaje. Pili, hakikisha upana wa rimu unalifaa tairi, na mashimo ya bolti yanalingana. Beetle ya miaka ile ina bolti tano kwenye duara la milimita 205, tofauti na magari mengi ya leo. Tatu, pakia gari watu na mizigo, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, pita matuta polepole, ndipo utazame alama za kukwangua.

Mimi nimeuza yale ya 215. Rimu pana nimezibakiza na kuzivisha 205/65 R15, ambazo kipenyo chake ni milimita 647.5, karibu sawa kabisa na za asili. Kabla ya kuondoka nilitia viazi na jirani wawili nyuma, nikazunguka mtaa mzima wenye matuta. Hakuna kilichogusa. Jumapili iliyopita tukapanda ule mlima wa Mai Mahiu tena, taratibu, gea ya pili na mara nyingine ya tatu.

Matairi ya zamani nimeyahifadhi stoo. Babu amesema mvua kubwa zikianza nimrudishie yake.

Haya, tutaonana safari ijayo, panapo majaliwa.