Kandili ya Boga

Mpwa wangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya boga alilolinunua kwa ajili ya Halloween: rangi ya waridi iliyofifia, ganda limejaa vinundu mithili ya karanga zilizobandikwa. "Mjomba, hili tuliite nini kwa Kiswahili?" Swali hilo limenikosesha usingizi, na nimelifurahia.

Aina hiyo ni ya Ufaransa, Galeux d'Eysines. Galeux ni mwenye upele. Naona waliolipa jina walikosea ugonjwa: upele huwasha na kuenea, ilhali vinundu hivi ni vigumu na vimetulia. Ni chunjua. Basi liwe boga chunjua. "Boga la ajabu" silitaki, kwa kuwa ajabu imo machoni mwa mtazamaji. Chunjua ni za boga lenyewe.

Jingine la kuangalia sokoni ni kitako. Boga la Halloween huwashwa taa ndani, kwa hiyo lazima likae kitako, lisibiringike.

Wengi husema "kuchonga boga". Kuchonga ni kupunguza kwa nje mpaka umbo litokee, kama mpingo, kama penseli. Boga huanzwa ndani: unaondoa mbegu na nyuzinyuzi, unakwangua nyama. Huko ni kukomba, tendo lile lile la kijiko ndani ya dafu. Kisha macho hutobolewa. Na ukimenya ganda peke yake, nyama ukaiacha nyembamba hata mwanga ukapenya kama nyuma ya pazia, hapo hujatoboa wala hujachonga. Umenakshi, na neno hilo tumelizoea kwenye milango ya Lamu na Unguja.

Kipande cha juu chenye kikonyo huitwa kifuniko. Lakini mkataji hodari huelekeza kisu mshazari, kipande kiwe kipana juu na chembamba chini, kisitumbukie. Kinachoingia na kubana ni kizibo.

Uso wenyewe ni kinyago, ndugu wa unyago, na sioni neno la kulishinda. Methali yetu husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Watoto wa Halloween hutoboa chao wakitaka kiwatishe wapita njia.

Je, kitu kizima? "Boga la Halloween" ni lebo ya dukani. Waayalandi walikomba tanipu za kutia taa kabla wahamiaji wao hawajakutana na maboga huko Amerika. Zao lilibadilika, taa ikabaki; jina na lianzie kwenye taa. Fanusi ni nzuri, ila mimi huona kioo ndani yake. Nachagua kandili: tuliipata kwa Waarabu, na asili yake ni Kilatini, candela, mshumaa. Kandili ya boga, basi, imebeba mshumaa wake ndani ya jina.

Na usiku wake tunao tayari. Halloween ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote, kuamkia tarehe 1 Novemba. Mkesha hutokana na kukesha, na kandili ni ya wanaokesha.

Mpwa wangu alilikatia boga lake meno mawili tu, likawa na mapengo. Siku chache baadaye akatuma picha nyingine: ganda limesinyaa, meno yamelegea, mdomo umezama ndani. Safari hii hakuuliza. Chini ya picha aliandika mwenyewe: kibogoyo.