Posho, kuku na kondoo za Nkambo

Tangu nipate diplomi ya historia, kila nikikutana na mtu wa promosheni yetu swali ni moja: "Sasa weye, ulisomea kondoo?" Wanacheka, na mimi nacheka. Leo nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeanza kuona kwamba jibu ni ndiyo.

Lupango letu liko Kalubwe, komini ya Lubumbashi. Tuna kuku wa mayai sitini na kitu. Kondoo mwaka jana walikuwa kumi na mmoja, leo ni wanane, nitafika hapo. Saa kumi na moja na nusu asubuhi naamka kujaza ndoo kabla maji hayajakatika. Kuku ndio wa kwanza: maji safi, chakula, halafu nasimama mlangoni bila kufanya kitu, naangalia tu. Kuku aliyelegeza mabawa ataonekana ukitulia. Ugonjwa wa Newcastle ukiingia, kabla ya posho moja kwisha unabaki na banda na manyoya. Kondoo wanangoja. Nkambo hataki watoke kabla umande haujakauka, anasema majani yenye maji yana minyoo, na rafiki zetu wa kitivo cha mifugo wanasema maneno yale yale kwa Kifaransa kirefu. Saa sita naokota mayai. Jioni wanakuja vijana wanaouza mayai ya kuchemsha barabarani, na chumvi na pilipili kwenye kikopo. Wakilalamika bei, wananitajia matrei yanayoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na hapo mimi sina la kujibu.

Wengi wetu tunafikiri kufuga mjini ni tabia ya kijiji iliyotufuata. Mimi pia nilifikiri hivyo hadi mwaka wangu wa mwisho wa chuo. Kumbe Nkambo alizaliwa kambini, akakulia kambini, akaolewa kambini. Kuku wake wa kwanza alimpata akiwa tayari mama wa watoto watano. Kabla ya hapo hakujua hata namna ya kumshika.

Ukweli ni kwamba mji huu haukuzaliwa ukijilisha. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kwenye tanuri la Lubumbashi. Watu waliletwa kwa maelfu kuchimba na kuyeyusha, lakini wakulima wa karibu walikuwa wachache, na mbung'o waliwakatalia ng'ombe sehemu kubwa ya pori letu. Basi unga na nyama vilipanda treni kutoka Rhodesia. Fikiria: mji unatoa shaba kwa dunia nzima, na bukari yake inatoka ng'ambo ya mpaka. (Wanaonunua unga leo wanaweza kuniambia kama kitu kimebadilika.)

Union Minière ilianza na wafanyakazi wa mikataba mifupi, wanaume bila familia, na wengi walikufa au kutoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa: mwanaume alete bibi yake, wakae kambini, wazae. Kila wiki kampuni iliwapimia chakula, baba, mama na watoto: unga, nyama au samaki, maharage, mafuta ya mawese, chumvi. Hiyo njo posho. Na ilitawala maisha kiasi kwamba hadi leo wengi wetu tukisema "posho moja" tunataka kusema wiki moja. Kalenda yetu imetoka kwenye foleni ya chakula. Neno tunalitumia kila siku bila kufikiri.

Nkambo anakumbuka foleni hiyo, akiwa mtoto, beseni kichwani nyuma ya mama yake. "Tulikulaka muzuri," anasema, na simkatalii, maana njaa ya baadaye aliiona yeye, si mimi. Ila historia ina upande wa pili. Wakati wa vita bei zilipanda na mishahara ikabaki pale pale. Wafanyakazi wakagoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, hapa hapa Lubumbashi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba yao, alikuwa kati ya waliouawa. Waliokuwa wakila posho ya kampuni ndio waliokufa pale.

Mwaka 1967 Union Minière ikaondoka, ikaja kampuni ya serikali, ile ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Shule, hospitali na unga vikaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mwaka 1991 mji ukaporwa, na kufikia 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo chetu alikusanya kumbukumbu za familia hizo kwenye kitabu cha mwaka 2001, na jina lake linawaita wana wa shaba walioachwa na baba yao. Nilipokisoma maktabani nilidhani nasoma habari za nyumbani.

Maana ilikuwa hivyo. Katika miaka ile Nkambo alitoa kikwembe chake kizuri kuliko vyote akapewa kuku majike manne. Aliwalaza jikoni. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, nkambo mwanaume alikuwa mmoja wao. Wenzake walinunua gari la teksi, au pikipiki, au walijenga. Yeye alinunua kondoo watatu, kwa sababu aliona watu wa Afrika ya Magharibi wanaofanya biashara mjini wanatafuta kondoo kila Idi kubwa na kulipa bila kubishana sana. Jirani wakamcheka. Ada yangu ya chuo ilitoka kwa kondoo hao na kwa mayai.

Sasa nifike kwa wale watatu waliokufa.

Mwaka jana kiangazi kilikuwa kikali. Kuanzia Julai majani yote pembeni ya mji yalikuwa yameungua. Mimi, mwenye diplomi, nikakumbuka nimesoma mahali kwamba ng'ombe wanaweza kulishwa takataka za banda la kuku. Nikawa nafagia banda: vumbi la mbao, mavi, na chakula kilichomwagika, nachanganya na pumba za mahindi, nawapa kondoo. Walipenda! Agosti, Septemba, wakanenepa. Oktoba, kondoo jike mmoja akasimama peke yake, kichwa chini, macho ya njano, mkojo mwekundu mweusi. Siku ya pili alikufa. Kabla ya posho kwisha wakamfuata wawili, mmoja na mimba.

Rafiki yangu mmoja daktari wa mifugo alikuja na kisu chake. Ini lilikuwa la njano, figo nyeusi ya kung'aa kama chuma cha bunduki. Akaniuliza nawalisha nini, nikamwambia, akanyamaza kidogo.

"Mukubwa," akasema, "hii ni shaba."

Akanieleza. Chakula cha kuku cha kununua mara nyingi kimetiwa shaba kidogo ili wakue haraka. Kuku haimdhuru, inapita, inabaki kwenye mavi. Lakini katika wanyama tunaofuga, kondoo ndiye anayeishindwa zaidi: mwili wake haujui kuitoa, inajilundika kwenye ini wiki baada ya wiki, yeye ananenepa, halafu siku moja ini linaiachilia yote kwenye damu. Akaniambia pia kwa nini hatachunga kamwe kondoo upande wa kaskazini-magharibi wa lile bomba refu la moshi. Tanuri limezimwa miaka mingi, lakini upepo wetu unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka themanini hivi ulikuwa unamwaga vumbi la madini upande ule. Kuna mahali hadi leo miti haijarudi.

Nilikwenda kumwambia Nkambo. Alikuwa anachambua lenga-lenga. "Shaba tena?" akasema, akacheka hadi akafuta machozi, kisha akauliza yule mwenye mimba alikuwa nani, na hapo hakucheka.

Sasa takataka za kuku zinakwenda bustanini tu. Mwezi wa tano tunaanza kukausha majani ya karanga na kuyapandisha juu ya paa, na kondoo wana lango lao, mbali na banda. Walibaki wanane. Wawili wana mimba.

Juzi nilimuuliza Nkambo kama angependa posho irudi. Alifikiri sana.

"Nyama yake ilikuwaka muzuri," akasema. "Lakini hata siku moja habakutuuliza kama tunapenda ya mugulu ao ya kichwa." Halafu akanituma kufunga kuku, maana jua lilikuwa limeshaingia.