Ushuru wa Njia, Toka Hongo ya Misafara hata Tiketi ya Ndege

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapumzika Kabambare na kuwasili hapa Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, haikupita njia bure; ililipa hongo. Huko Ugogo, nchi kame ambamo maji yenyewe yalikuwa mali, kambi ilikaa siku kadha wa kadha huku watemi wakijadiliana na mkuu wa msafara ni doti ngapi za kitambaa cha merikani na shanga kiasi gani zitolewe ndipo ruhusa ipatikane. Mdaiwa alikuwa mwenye msafara, mtafuta faida ya pembe na, kwa dhuluma isiyosahaulika, ya wanadamu.

Zama za ndege zilifuata kanuni nyingine kabisa. Tarehe 7 Desemba 1944, mjini Chicago, ulitiwa saini mkataba wa usafiri wa anga ambao kifungu chake cha 24 kiliyasamehe ushuru wa forodha mafuta yaliyomo ndani ya ndege iingiapo nchi ya kigeni, na mapatano ya baadaye baina ya dola na dola yakaupanua msamaha huo. Nia ilikuwa kuukuza usafiri uliokuwa mchanga. Habari za hewa ukaa hazikuwamo katika fikra za waandishi wake. Nasi tumerithi ajabu hii: petroli ya pikipiki inayoleta magunia sokoni Kasongo imelipiwa kodi, na mafuta ya ndege ivukayo bahari hayakulipiwa.

Uingereza ilianza kumtoza abiria mwaka 1994, Ufaransa ikaongeza 2006 mchango wa kununulia dawa za maskini, na Kongo yetu ikaleta Go-Pass mwaka 2009, dola 50 kwa safari za nje na 10 kwa za ndani, kwa ajili ya kukarabati viwanja. Lakini abiria wa Kindu aendaye Kinshasa hapandi ndege kwa anasa. Barabara ndiyo aliyoikosa.

Kwa hiyo naiunga mkono kwa moyo wote rai iliyotolewa Nairobi Septemba 2023, ya kodi ya kaboni itakayogusa hata ndege, na zaidi ule muungano uliotangazwa Sevilla mwaka 2025, Kenya, Somalia na Benin zikiwamo, unaokusudia kutoza viti vya daraja la juu na ndege za binafsi. Wakaao viti hivyo na wenye ndege hizo ndio wenye msafara wa leo, nao wadaiwe kabla ya abiria wa Kindu.