Ng'onda wa Norway anayetawala sataranji

Kaskazini mwa Norway wavuvi huanika samaki kama sisi tuanikavyo ng'onda, ila wao hawatii chumvi. Upepo wa baridi humaliza kazi. Samaki huyo huitwa stockfish, na Waitaliano wanampenda mno.

Mwaka 2008 Mwitaliano Marco Costalba alichukua programu ya kucheza sataranji iliyoandikwa na Mnorwei Tord Romstad, akaisuka upya. Ya Romstad iliitwa Glaurung, jina la joka la riwayani. Costalba akaiita Stockfish: imekaushwa Norway, imepikwa Italia. Msimbo wake ukaachwa wazi, anayetaka ausome na kuurekebisha bure.

Kilichoipaisha hasa ni Fishtest, mfumo aliouanzisha Gary Linscott mwaka 2013. Watu wa kujitolea huazima kompyuta zao zisipokuwa na kazi. Mtu akiwa na wazo, toleo lenye wazo hilo hupambanishwa na la zamani kwa maelfu ya michezo. Lisipothibitika kuwa bora, hutupwa, awe amelileta mgeni au Costalba mwenyewe. Maboresho mengi yaliyopita hapo ni madogo kiasi kwamba mchezaji wa mtaani asingeyahisi. Yalirundikana tu. Mei 2014 Stockfish ikaibwaga Komodo, iliyokuwa ikiuzwa kwa pesa, kwa pointi 35.5 dhidi ya 28.5 katika fainali ya TCEC, mashindano ya programu kwa programu.

Desemba 2017 nayo ikaadhibiwa. AlphaZero ya DeepMind, kampuni ya London, ilipewa kanuni za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikufungwa hata mmoja. Romstad alilalamikia masharti ya pambano, na alikuwa na hoja. Lakini 28 kwa sifuri haifutwi kwa malalamiko.

Dawa ilitoka Japani. Mwaka 2018 Yu Nasu alibuni mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza yenyewe kupima nani yuko mbele ubaoni, kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, mwepesi kiasi cha kutumika kwenye kompyuta ya kawaida. Stockfish 12, iliyotoka Septemba 2020, ikaubeba, huku bado ikitunza kanuni ambazo mafundi waliziandika kwa mkono kupima nani yuko mbele ubaoni. Toleo 16.1, la Februari 2024, lilizifuta zote.