Presha Kubwa ya Nini?

Wasomaji wangu, leo tuache siasa kidogo tuongee habari za mashine za kuoshea kwa presha. Najua wapo watakaocheka. Lakini nawafahamu vijana wenye digrii zao wanaokopa kununua mashine hizi ili waoshe magari, nyumba na njia za magari, na swali la kwanza wanalomtupia muuzaji ni moja: ina presha kiasi gani? Mimi nadhani hilo lilipaswa kuwa swali la mwisho, na historia iko upande wangu.

Mpanda ni mji uliokuzwa na mgodi. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, ililetwa huku baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Basi isitushangaze kwamba maji ya presha nayo yalipata jina mgodini. Mwaka 1853 huko California, Edward Matteson alianza kurusha maji kwa mpira kwenye kilima akitafuta dhahabu. Vilima vikabomoka, tope likajaa mitoni na kufunika mashamba ya watu wa bondeni, mpaka mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer alipopiga marufuku kumwaga tope hilo mtoni. Yaani kazi ilikuwa kubomoa, si kusafisha.

Kusafisha kulikuja baadaye. Miaka ya 1920 Frank Ofeldt wa Pennsylvania alitengeneza mashine ya mvuke ya kung'oa grisi. Mwaka 1950 Alfred Kärcher wa Ujerumani akatoa mashine ya maji ya moto, na mwaka 1984 kampuni yake ikaleta ndogo ya kubebeka, ya matumizi ya nyumbani. Kwanza kilima, halafu grisi ya gereji, ndipo nyumba. Nyumba imeingia mwisho, na ndiyo laini kuliko vyote.

Sasa turudi Katavi. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, na zipo ambazo tofali zimeshikwa na udongo tu. Ukisogeza maji ya bar 150 karibu na ukuta kama huo, unachimba dhahabu ya Matteson. Ukuta unataka presha ndogo, sabuni, brashi na nozeli pana ya digrii 40, ile nyeupe. Ile nyekundu ya digrii 0 usiiguse kabisa.

Njia ya gari ya zege inavumilia zaidi, lakini hata hapo bar 100 hadi 130 zinatosha. Presha inabandua uchafu, maji ndiyo yanauondoa. Kwa hiyo uliza lita kwa dakika. Mashine ya lita 10 kwa dakika inamaliza tangi la lita 1,000 kwa dakika 100 tu. Kiangazi, vumbi jekundu likitanda na maji yakiwa ya kununua, hiyo ni hesabu ya kufanya kabla ya kukopa. Kwa nyumba yako, lita 6 au 7 zinatosha. Za juu waachie wenye biashara na kisima.

Halafu kuna nishati. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na pasipo umeme wa uhakika mashine ya petroli ndiyo inayokutoa. Ila ina kelele, inakula mafuta, na moshi wake unaua ukiiwasha ndani. Ya umeme ni nyepesi na haina gharama kubwa, mradi umeme wako usiwe unashuka nguvu.

Mwisho, maji ya kisima yana mchanga, na mchanga unakula pampu. Nunua chujio siku hiyo hiyo, na uulize vipuri vinapatikana Mpanda au mpaka Tabora. Ukishajibiwa hayo yote, ndipo uulize presha.