Chanjo ya HPV: Imetoka Wapi?

Wazazi hutuuliza sisi wauguzi, "Sista, hii chanjo ya HPV imetoka wapi, na mbona mnawachanja wasichana wadogo?" Ni swali la haki. Hebu tulijibu tangu mwanzo.

Mwaka 1842, daktari Rigoni-Stern wa Italia alichunguza rekodi za vifo vya mji wa Verona. Aliona kwamba saratani ya kizazi iliwaua sana wanawake walioolewa, lakini watawa wa kike iliwaua mara chache. Ikaanza kushukiwa kwamba ugonjwa huu unahusiana na kujamiiana. Lakini ni kitu gani hasa kilichouleta?

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 140. Daktari Harald zur Hausen wa Ujerumani alishikilia kwamba chanzo ni HPV, jamii ya virusi vinavyoleta pia chunjua. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1983, yeye na wenzake walipata HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 1984 wakapata aina ya 18. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Huko Australia, mwaka 1991, Ian Frazer na Jian Zhou walitengeneza ganda la virusi hivyo, tupu ndani. Mwili ukikutana na ganda hilo hujifunza kujikinga, na ganda haliwezi kumwambukiza mtu. Kutokana na kazi hiyo ikaja chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Kwa hivyo, mama, chanjo hii haina virusi hai, wala haimfanyi msichana kuwa tasa.

Je, ni ugonjwa wa kizazi pekee? Hapana. Mwaka 2000, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba HPV huleta pia saratani ya koo, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi. Virusi hufika huko kupitia ngono ya mdomo. Saratani hii hujificha nyuma kabisa, na mara nyingi dalili ya kwanza ni uvimbe shingoni usiouma. Hakuna kipimo cha kawaida cha kuitafuta mapema, kama tulicho nacho cha mlango wa kizazi. Ndiyo sababu mwaka 2018 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwahimiza wanachama wake kuizungumzia chanjo hii. Anayesomea meno naye anapaswa kuijua HPV, maana ndiye atakayetazama vinywa vyetu. Na yeye mwenyewe aulize kuhusu kinga yake: wengi walioko vyuoni leo walikuwa wamepita miaka 10 chanjo ilipoanza hapa.

Kenya ilizindua chanjo hii Mombasa mwezi Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili. Wakati huohuo, wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu walikubali kushiriki katika utafiti. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya aina 16 na 18. Ulimwengu ulijifunza kutoka kwa binti zetu. Mwaka 2025 Kenya ikahamia dozi moja.

Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka. Tunawachanja wasichana mapema kwa sababu chanjo huzuia virusi visiingie, haiviondoi vikishaingia.

Mama, binti yako wa miaka 10 hadi 14 mpeleke kliniki. Kama anaishi na virusi vya UKIMWI, mwambie muuguzi, kwani atahitaji dozi zaidi. Na wewe mwenyewe, ukiwa hapo, uliza kuhusu kipimo cha mlango wa kizazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.